Kulinganisha Wasanii Wawili: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Tingatinga na Lilanga

Mwambie mwanafunzi wa kidato cha tatu alinganishe wasanii wawili, na mara nyingi atakuletea wasifu mbili zilizobandikwa pamoja. Huyu alizaliwa wapi, yule alizaliwa wapi, huyu alifariki lini, yule alifariki lini, halafu sentensi moja ya mwisho kwamba wote wawili walikuwa wabunifu. Hakuna picha hata moja iliyotazamwa. Mwongozo huu nimewaandikia walimu wa sanaa, wanafunzi na vikundi vya vijana wa Dodoma na Kanda ya Kati wanaotaka kuifanya kazi hiyo inavyostahili. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: anza na kazi za msanii, maisha yake yafuate. Anayeanza na maisha huishia kuona kwenye picha yale tu aliyokwisha kuyasoma.

Mfano nitakaoutumia tangu mwanzo hadi mwisho ni wa Edward Saidi Tingatinga na George Lilanga, watu wawili walioibadilisha sura ya sanaa ya Tanzania katika karne ya 20. Vifaa ni vichache: kaunta buku, penseli, rula ndefu, karatasi mbili za manila, gundi, na picha sita zilizoprintiwa kwa rangi. Jipe wiki tatu kama unafanya jioni baada ya kazi au masomo.

Hatua ya 1: Chagua jozi inayobishana

Jozi nzuri inafanana kiasi cha kutosha ili tofauti zake ziwe na maana. Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru. Lilanga alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, Lindi. Wote ni watu wa kusini, wote waliishia Dar es Salaam wakitafuta riziki, hakuna aliyepita chuo cha sanaa, wote walipenda rangi kali zinazong'aa, na wanunuzi wao wa mwanzo walikuwa zaidi wageni kuliko Watanzania. Sasa uliza: kama mizizi inakaribiana hivi, kwa nini ubao wa mmoja una chui mmoja aliyesimama peke yake, na ubao wa mwenzake umejaa viumbe wenye masikio makubwa wanaosukumana, wanaocheza, wanaobebana? Swali hilo ndilo litakalobeba kazi yako yote. Liandike ukurasa wa kwanza wa daftari.

Ungemchagua Tingatinga pamoja na Sam Ntiro, ungepata shida ya aina nyingine. Ntiro alisoma Makerere, akaendelea London katika shule ya sanaa ya Slade, na baadaye akaiwakilisha nchi yetu Uingereza kama balozi. Umbali kati ya maisha yao ni mkubwa mno, kila tofauti ya picha utaishia kuieleza kwa elimu tu. Jozi hiyo inafaa kwa andiko kuhusu shule za sanaa. Kwa mtu anayejifunza kulinganisha mitindo, naishauri baadaye.

Hatua ya 2: Zoeza jicho kwenye michoro isiyo na jina

Hapa sisi wa Kanda ya Kati tuna bahati ambayo wenzetu wa Dar es Salaam hawana. Kondoa ipo kilomita 150 na ushee kaskazini mwa jiji la Dodoma, na ukiendelea na barabara ya Babati unafika Kolo, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Inakadiriwa kuna mapango na vivuli vya miamba kati ya 150 na 450 vyenye michoro, na sehemu yake inaaminika kuwa na umri wa zaidi ya miaka 2,000. Kuna watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu ya udongo, wengine wenye vichwa vilivyopambwa. Kuna twiga, tembo, pofu. Kuna pia michoro myeupe mizito ya nyakati za karibu zaidi, mara nyingine juu kabisa ya ile myekundu.

Naipeleka kazi hii Kolo kwa sababu moja. Waliochora pale hawana majina kwetu. Hatuna wasifu wao, hatujui nani aliugua, nani aliachwa, nani alisafiri. Mtazamaji hana pa kujificha, analazimika kutazama. Kila mwanafunzi anayesema "sijui niandike nini kuhusu picha" nataka asimame mbele ya mwamba ule kwanza.

Ukifika, jiandikishe kwenye ofisi ya mambo ya kale pale Kolo na upande mlimani na mwongozaji. Usiguse michoro, na usikubali mtu ayamwagie maji mawe ili rangi zionekane vizuri, kwa maana maji yanaila rangi. Kumbuka pia kwamba wenyeji bado wanafanya matambiko katika baadhi ya maeneo hayo. Ukiambiwa hapa hatuingii leo, usiingie.

Chagua umbo moja, ukae mbele yake, ujibu maswali haya sita kwenye daftari:

1. Umbo limesimama juu ya nini? Kuna ardhi, au linaelea?
2. Nafasi tupu iko wapi, na imeachwa au imejazwa?
3. Ukingo wa umbo ni mstari, au ni mwisho wa rangi tu?
4. Rangi ni ngapi, na zimegusana vipi?
5. Macho yanaangalia wapi, kama yapo?
6. Nani anatembea, na nani ametulia?

Maswali hayahaya utayapeleka kwa Tingatinga na Lilanga bila kubadilisha hata moja. Ulinganisho unasimama pale ambapo wote wawili wameulizwa kitu kilekile. Kama nauli ya Kondoa haipo, fanya zoezi kwa picha za Kolo ulizopata kwenye simu, ila zima maandishi yanayozizunguka.

Hatua ya 3: Tafuta picha sita

Tatu za Tingatinga, tatu za Lilanga. Zikizidi hapo utaanza kuruka kutoka moja kwenda nyingine bila kuzitazama.

Kwa Tingatinga, kuwa mwangalifu sana. Ukiandika jina lake kwenye intaneti utaletewa maelfu ya picha, na karibu zote si zake. Ni za wachoraji wa mtindo uliobeba jina lake. Hakikisha maelezo yanasema Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, na kwamba mwaka uliotajwa hauzidi 1972, kwa sababu ndio mwaka aliofariki. Vyanzo vya kuaminika ni makumbusho, vitabu vya historia ya sanaa na katalogi za maonyesho. Ukurasa wa duka la zawadi haukutoshi.

Kwa Lilanga jaribu kupata aina tatu tofauti: mchoro mmoja ubaoni au kwenye kanvasi, sanamu moja ya mti iliyopakwa rangi, na kazi moja ya duara, kwa maana miaka yake ya mwisho mbao za duara zilitoka nyingi. Aliwahi pia kufanya kazi kwenye ngozi ya mbuzi na kwenye batiki. Ukipata ya ngozi, usiiache.

Shusha picha kwa ukubwa unaofaa hata kama bando litalalamika, zipeleke steshenari, uombe ziprintiwe kwa rangi kwenye karatasi ya A4. Nyuma ya kila moja andika mwaka na vipimo vya kazi halisi. Vipimo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kwenye A4 vitu vyote vinaonekana sawa, kumbe kimoja ni ubao wa kuning'inia sebuleni na kingine ni sanamu ya kuzungukwa.

Hatua ya 4: Tazama na uandike, vitabu vikiwa vimefungwa

Hii ndiyo hatua kubwa. Ukiifupisha, zilizobaki zitakuwa maneno matupu.

Tenga jioni mbili, moja kwa kila msanii. Bandika picha zake tatu ukutani usawa wa macho, kaa mbali kidogo, weka simu chumba kingine. Kwa dakika kumi za mwanzo usiandike chochote. Baada ya hapo jibu maswali sita, picha kwa picha.

Nikueleze ninachokiona mimi, ili uone kiwango cha maelezo ninachokitaka. Usininakili.

Kwa Tingatinga, ubao wenyewe ndio wa kwanza kusema. Ni masonite, zile mbao ngumu nyembamba za ujenzi, iliyokatwa mraba wa sentimita 60 hivi kila upande. Rangi ni ile ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Rangi ya namna hii haimpi mchoraji nafasi ya kuvuta kivuli polepole kutoka giza kwenda mwanga. Anaweka rangi moja bapa, anangoja ikauke, anaweka nyingine juu yake: doa, mstari, doa. Kwa hiyo chui wake hana kivuli cha tumbo, ana madoa, na madoa hayo yanaenda kwa mpangilio uleule tangu shingoni hadi mkiani. Mnyama anachukua karibu ubao wote. Mwili unaonekana kwa ubavu, lakini mara nyingi macho yanakukabili wewe unayetazama. Usuli ni rangi moja au mbili. Mmea mmoja, pengine ndege mmoja, basi. Yule mnyama yuko peke yake na wewe.

Hili la upweke wa mnyama nalisisitiza kwa sababu watu wengi wana picha nyingine kichwani: mbuga iliyojaa pundamilia, Kilimanjaro nyuma, wafugaji wakipita na mikuki. Msongamano ule ulikuja baadaye, kwa mikono ya waliomfuata. Tingatinga wa mwanzo ni mtu wa kuacha nafasi.

Kwa Lilanga nafasi imekwisha. Viumbe wake wana masikio makubwa, midomo mizito, matumbo yaliyochomoza, mikono yenye vidole viwili au vitatu. Wanacheza, wanabeba mizigo, wanasengenyana, wanaenda kwa mganga, wananyweshana. Mkono wa mmoja unapita nyuma ya shingo ya mwingine na mguu wa wa tatu unaziba pengo lililobaki. Nguo zao zina madoa na mistari kama kitenge, na ukingo wa kila umbo umechorwa wazi kiasi kwamba hata kwenye vurugu ile unaweza kumfuata mmoja kwa kidole toka kichwa hadi mguu. Jaribu kufanya hivyo. Utagundua kwamba kinachoonekana fujo kimepangwa kwa hesabu kali sana. Mtu wa Dodoma aliyekulia karibu na ngoma ya muheme ataelewa haraka: akina mama wengi wanapiga, kila mmoja na mkono wake, na hakuna anayepotea.

Viumbe hao ni mashetani wa masimulizi na uchongaji wa Kimakonde. Usiogope kuwataja mbele ya darasa au mbele ya wazazi, ila eleza vizuri. Katika uchongaji huo wapo wa kutisha, wapo wa kuchekesha, wapo wasumbufu tu, na Lilanga amewapa kazi za watu wa kawaida. Ukiwatazama vizuri utamkuta jirani yako.

Ukimaliza jioni ya pili, weka picha sita pamoja. Kwa kila swali kati ya yale sita andika sentensi moja inayowataja wote wawili. Kwa mfano, kwa swali la tano: mnyama wa Tingatinga anamwangalia mtazamaji, viumbe wa Lilanga wanaangaliana wao kwa wao. Sentensi sita za namna hiyo zinatosha kuwa uti wa mgongo wa andiko.

Hatua ya 5: Mistari miwili ya maisha kwenye manila moja

Sasa fungua vitabu. Lalisha karatasi ya manila, piga mistari miwili sambamba kwa rula, sentimita moja kwa kila mwaka, kuanzia 1930 hadi 2005. Karatasi moja ikiwa fupi, unganisha mbili kwa gundi. Mstari wa juu Tingatinga, wa chini Lilanga, na katikati acha nafasi ya matukio ya nchi.

Juu andika: 1932, kuzaliwa. Miaka ya 1950, mashamba ya mkonge Tanga, alikokwenda kama manamba (vibarua wa mashambani) wengine wengi, kisha Dar es Salaam, kazi za nyumbani kwa ofisa Mwingereza na vibarua vingine. Mwaka 1968 hivi anaanza kuchora na kuuza. Picha ziliuzwa Oysterbay, nje ya duka la Morogoro Stores, na mkewe akishiriki katika kuuza. Mwaka 1972 anapigwa risasi na polisi jijini Dar es Salaam, akidhaniwa kuwa mhalifu anayetoroka.

Chini andika: 1934, kuzaliwa, katika familia ya Kimakonde. Ujana wa kuchonga. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Dar es Salaam, ambako mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, alikuwa Nyumba ya Sanaa. Kituo hicho kilianzishwa na Sista Jean Pruitt. Lilanga alianzia pale kama mlinzi, kisha kazi zake zikaonekana. Mwaka 1978 kazi zake nyingi zinakwenda Washington kwenye maonyesho. Baadaye Ulaya, Japani, mikusanyo mikubwa. Miaka ya mwisho kisukari kinamfanya apoteze miguu, naye anaendelea kufanya kazi akiwa na wasaidizi. Anafariki Juni 2005.

Katikati: 1961 uhuru, 1964 Muungano, 1967 Azimio la Arusha, 1973 uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma, na katika miaka hiyohiyo ya mwanzo ya 1970 operesheni ya vijiji iliyowagusa sana watu wa mkoa wetu.

Ukimaliza, weka kidole kwenye 1972. Mstari wa juu unakatika pale. Mstari wa chini, kwa upande wa sanaa, ndio kwanza unaanza kuwa mnene. Mmoja alikuwa na miaka minne hivi ya kuchora, mwenzake alikuwa na zaidi ya 30. Jambo hili linabadilisha ulinganisho wote, na sijui kwa nini maandiko mengi hulipita haraka. Huwezi kuchukua kazi ya Lilanga ya mwaka 2000, mtu aliyeiva kwa miongo mitatu, ukaiweka kando ya ubao wa 1970 wa Tingatinga kisha useme huyu alikuwa na mawazo mengi kuliko yule. Mmoja alipata muda wa kubadilika. Kama unaweza, badilisha moja ya picha zako tatu za Lilanga iwe ya miaka ya 1970, umtazame naye akiwa mwanzoni. Kama huwezi kuipata, basi andika wazi katika aya ya kwanza kwamba unalinganisha mwanzo wa mmoja na ukomavu wa mwingine.

Ukikuta tarehe zinazokinzana, usichague unayoipenda. Shika iliyo katika chanzo kilicho karibu zaidi na msanii, na kama hakuna, andika "miaka ya mwanzo ya" na uendelee.

Hatua ya 6: Unganisha maisha na mtindo, kwa tahadhari

Kila tukio unalotaka kulitumia kuelezea mtindo lipitishe kwenye majaribio matatu.

La kwanza: linaonekana kwenye picha? Tingatinga alifanya kazi kwenye mkonge. Ni jambo zito la maisha yake, na wazee wetu wa Kanda ya Kati waliowahi kuitwa manamba wanalielewa kuliko kitabu chochote. Lakini kwenye mbao zake za wanyama mkonge hauonekani. Basi liache katika sehemu ya maisha. Rangi ya baiskeli na ubao wa ujenzi vinaonekana, na vinatuambia kuhusu mtu wa mjini asiye na duka la vifaa vya sanaa, anayetumia kilichopo dukani. Hapo maisha na mtindo vimekutana kweli.

La pili: wengine wenye maisha kama hayo walifanya vilevile? Ni rahisi kuandika kwamba Lilanga alichora mashetani kwa kuwa ni Mmakonde. Wamakonde wangapi walichonga mashetani kwa mpingo, na weusi wa mpingo ukabaki ulivyo? Lilanga alitumia miti laini na kuipaka rangi kali, kisha akawahamisha viumbe hao kutoka kwenye mti kwenda kwenye ubao bapa. Asili yake inaeleza viumbe walitoka wapi. Haielezi kwa nini wakavaa madoa ya njano na kuanza kucheza. Hapo ni yeye. Kwa maoni yangu, kule kushikana kwa maungo kwenye michoro yake ni kumbukumbu ya mchongaji, kwa sababu katika gogo moja miili hailazimiki kutengana, patasi inamtoa mtu mmoja ndani ya mwingine. Toa hoja kama hiyo kwa ujasiri, lakini useme ni maoni yako na uonyeshe mahali kwenye picha.

La tatu: nani alinunua? Tingatinga aliuza mahali walikopita wageni wa Oysterbay, na wageni walipenda wanyama. Hilo linaeleza sehemu ya uchaguzi wake wa mada, na halimpunguzii heshima. Chui wake ndiye aliyeanzisha mtindo.

Kuna tukio moja litakalokuvuta kwa nguvu, nalo ni kifo cha Tingatinga. Mtu aliyeuawa kwa kudhaniwa ni mwingine, akiwa na miaka 40 tu. Ukishalijua utaanza kuona huzuni kwenye macho ya kila mnyama aliyemchora. Rudi kwenye daftari la hatua ya 4, usome ulichoandika kabla hujajua. Kama huzuni haikuwamo, usiiingize sasa. Na kifo chenyewe kiandike kwa sentensi zilizonyooka, bila kukipamba. Alikuwa mume na baba wa watu.

Kuhusu ujamaa, tahadhari hiyohiyo. Makundi ya Lilanga yanavutia mtu aseme hii ni siasa ya wakati ule. Pengine hewa ya wakati huo imo. Lakini makundi yaliyoshikana yalikuwepo katika uchongaji wa Kimakonde hata bila Azimio, kwa hiyo andika yote mawili.

Hatua ya 7: Fuata jina baada ya msanii

Tingatinga alipofariki, alikuwa ameshawafundisha wachache, wengi wao ndugu na watu wa kwao: Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Casper Tedo na wengine. Waliendelea, wakajikusanya, na mwaka 1990 kikundi kikawa chama cha ushirika chenye jina lake Dar es Salaam. Leo mtu anasema "nimenunua tingatinga" akimaanisha picha iliyochorwa juzi na kijana ambaye hakuwahi kumwona Tingatinga mwenyewe. Jina la mtu limekuwa jina la aina ya picha, na familia nyingi zimesomesha watoto kwa jina hilo.

Jina la Lilanga limebaki jina la mtu. Ukisema Lilanga, unamtaja yeye. Lakini miaka yake ya mwisho, afya ilipodhoofika na maagizo kuongezeka, karakana yake ilikuwa na wasaidizi waliojaza rangi na kumalizia, wakiwemo wachoraji waliotoka kwenye mtindo wa Tingatinga. Hapa mistari yako miwili ya manila inagusana, na huu ni ugunduzi mzuri wa kumwachia mwanafunzi aufikie mwenyewe.

Swali la nani hasa alichora linawahusu wote wawili, kwa njia mbili tofauti. Kwa Tingatinga unauliza kama ubao ni wake au wa mfuasi. Kwa Lilanga unauliza mkono upi ulichora mstari na upi ulijaza rangi. Mimi sioni kwamba wasaidizi wanaifanya kazi kuwa ya uongo. Ninachodai ni kwamba majina yao yasemwe yanapojulikana. Ukinunua picha ya mtindo wa tingatinga, iwe Dar es Salaam au kwa mchuuzi hapa Dodoma, muulize jina la mchoraji na mwaka, uviandike nyuma kwa penseli.

Hatua ya 8: Andika kwa maswali, usiandike kwa watu

Usiweke sehemu ya kwanza "Tingatinga" na ya pili "Lilanga". Kila aya iwe na swali moja na watu wote wawili ndani yake. Kurasa nne za mkono zinatosha. Mpangilio ninaoupendekeza: aya ya swali kuu, kisha aya nne au tano za kutazama, kisha maisha kwa ufupi ukianzia 1972 na kurudi nyuma, kisha suala la jina.

Aya moja inaweza kwenda hivi:

"Tingatinga anaiacha nafasi, Lilanga anaijaza. Kwenye ubao wa chui, bluu ya nyuma haina kitu chochote, nayo inamfanya mnyama aonekane mkubwa kuliko ubao. Kwenye ubao wa Lilanga hakuna mahali pa kuweka kidole bila kumgusa mtu. Kila pengo kati ya viwiko limepata kichwa. Ukimtazama chui unabaki mgeni wake. Ukiwatazama viumbe wa Lilanga unatafuta pa kupita katikati yao."

Epuka "wa kipekee", "wa aina yake" na "alikuwa na kipaji kikubwa". Maneno hayo yanaweza kusemwa juu ya msanii yeyote, kwa hiyo hayamsemi mtu. Neno "ubunifu" litumie mara moja tu, tena ukiwa umeshaonyesha alichobuni.

Soma kwa sauti mbele ya mtu asiyejua sanaa. Akikukatisha na kuuliza "huyo sasa ni nani kati yao?", aya hiyo irudie.

Hatua ya 9: Waonyeshe watu

Kazi ikiisha, usiifungie kwenye faili la mwalimu. Darasa, ukumbi wa shule au baraza la nyumba kubwa linatosha. Zitundike picha sita bila majina, zikiwa na herufi tu. Wape watu robo saa watembee, kila mmoja aandike sentensi mbili kwenye kikaratasi: picha hizi zimechorwa na watu wangapi, na umejuaje? Hapo ndipo utajua kama maswali yako sita yanafanya kazi. Kisha soma andiko lako, kisha tandika manila mezani.

Waalike wazee na uwaombe waanze wao kuzungumza, hasa unapofika kwenye mkonge na miaka ya operesheni. Shikamoo kwanza, kiti cha mbele, halafu swali moja: mzee, mama, wakati huu ninyi mlikuwa wapi? Mstari wa katikati wa manila yako, ule wa matukio ya nchi, utapata maandishi mapya kabla ya chai. Andika palepale, kwa ruhusa yao.

Baadaye, ukipata nafasi, panda SGR. Tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024, safari ya Dodoma hadi Dar es Salaam ni ya saa chache tu. Nenda Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert, nenda kwa wachoraji wa ushirika wa Tingatinga kule Oysterbay, nenda Mwenge kwa wachonga vinyago. Andiko liache nyumbani, beba daftari lenye maswali sita. Mbele ya ubao halisi simama pembeni, taa ikipiga kwa ubavu, utazame unene wa rangi: doa limekaa juu ya rangi ya chini au limezama? Jibu la swali la nne litabadilika, kwa sababu karatasi ya steshenari haina unene.